Tope chini ya chupa: kwanini mbolea nyingine inawekwa udongo wa bentonaiti

Mama mmoja mkulima wa mahindi na viazi kutoka Njombe alikuja maabara kwetu na chupa ya maji ya nusu lita, ndani ameloweka mbolea yake ya NPK (yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu) tangu jana yake usiku. Juu maji yametulia, chini kuna tope la kijivu la kama vidole viwili. Akaiweka mezani akaniuliza, mwanangu, hii niliyonunua ni mbolea au ni udongo?

Alikuwa na hasira na nilimwelewa kabisa. Mfuko wa kilo 50 mtu anaununua kwa kujinyima, na tangu lile sakata la mbolea feki lililotikisa Kenya 2024 hata huku kwetu mtu akiona tope kwenye mbolea moja kwa moja anawaza kapigwa. Lakini udongo kuwepo kwenye mbolea peke yake sio wizi, inategemea ni udongo gani, umewekwa ufanye kazi gani, na je zile namba za virutubisho zilizoandikwa kwenye mfuko zimetimia au hazijatimia. Huu udongo unatumika sana viwandani na mkulima hakuna anayekaa chini kumwelezea, ndo maana naandika.

Unaitwa bentonaiti. Asili yake ni majivu ya volkano yaliyoangukia kwenye maji zamani sana, yakakaa humo miaka na miaka mpaka yakageuka udongo laini. Jina limetokana na miamba ya Fort Benton kule Marekani na lilianza kutumika 1898, ila tabia yake wewe unaijua vizuri tu. Kama umewahi kukwama na pikipiki kwenye mbuga wakati wa masika basi umekutana na ndugu yake. Ule udongo mweusi wa mbuga, kiangazi unapasuka nyufa mpaka mkono unaingia, mvua ikinyesha unavimba nyufa zote zinajifunga na unang'ang'ania jembe, tairi, viatu, kila kitu. Madini yaliyomo ni ya familia moja na bentonaiti. Yamejipanga matabaka membamba sana kama kurasa za daftari, maji yanapenya katikati ya kurasa na kuzisukuma zisogee. Bentonaiti yenye sodiamu inaweza kuvimba zaidi ya mara 10 ya ujazo wake ikiwa kavu, ile ya kalisiamu inavimba kidogo tu.

Sasa kiwandani. Kazi yake ya kwanza ni kushikisha. Wakulima wa zamani mnaikumbuka fosfeti ya Minjingu, kule Manyara, enzi inakuja unga mtupu, unamwaga shambani upepo unachukua nusu na nusu nyingine imekujaa usoni, wengi waliikimbia kwa sababu hiyo tu mpaka ilipoanza kutoka ya chenga. Kutengeneza chenga, unga unamwagwa kwenye sinia kubwa la chuma lililoinama linazunguka, juu yake maji yananyunyizwa taratibu, unga unaanza kujiviringisha wenyewe, punje inakua na kukua. Shida ni kwamba samadi ya kuku iliyosagwa, au unga wa mwamba, vikikauka vinapukutika. Hapo ndo asilimia chache tu za unga wa bentonaiti zinasaidia, ukilowa unanata na ukikauka unakaza. Mnaotengeneza mbolea za asili kwenye viwanda vidogo msizidishe lakini, maana huu udongo unakunywa maji mengi na hayo maji yote lazima uyakaushe, gharama ya kukausha inapaa na punje inaweza kukaza mpaka ikachelewa kulainika shambani.

Kazi ya pili ndo hiyo iliyomleta mama na chupa yake. Kujazia. Hapa twende na hesabu kidogo, usiruke.

Tuseme kiwanda kinataka kutengeneza tani moja ya mbolea ya 20-10-10 (asilimia za naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa mpangilio huo) kwa kuchanganya punje za urea, DAP na MOP. Ili upate fosforasi inayotakiwa unaweka DAP kilo 217, ambayo inakuja na naitrojeni yake kidogo. Naitrojeni iliyopungua unaimalizia na urea kilo 350. Potasiamu unaweka MOP kilo 167. Jumlisha, unapata kilo 734. Namba zote za kwenye mfuko zimeshatimia lakini tani haijajaa, zimebaki kilo 266. Kiwanda lazima kijazie na kitu, na kitu hicho kinaweza kuwa chokaa ya dolomaiti, jasi, au punje za bentonaiti. Kwenye mfuko wako wa kilo 50 hizo ni kilo 13 na kidogo. Hujaibiwa hapo, uliambiwa 20-10-10 na umepewa 20-10-10.

Maoni yangu, na nayasema wazi: ningependa viwanda vitengeneze mbolea yenye virutubisho vingi zaidi kwa kila kilo, hiyo hiyo ya juu bila kujazia ingetoka kama 27-14-14 hivi, mkulima wa Sumbawanga asilipie nauli ya kilo 13 za udongo kwa kila mfuko. Na kama wanajazia basi waandike kwenye mfuko kwamba kuna udongo, sentensi moja tu inatosha na ingepunguza manung'uniko mengi sana.

Kuna jambo lingine, na hili kwangu ndo la muhimu kuliko yote, ukubwa wa punje. Mbolea ya kuchanganya punje zake zinatakiwa zilingane, kawaida milimita 2 hadi 4. Kama urea ni punje kubwa na udongo ni chenga ndogo ndogo, mfuko ukishatikisika kwenye lori kutoka Dar mpaka Makambako vile vidogo vinapenya katikati ya vikubwa vinashuka chini. Unafungua mfuko, mistari ya kwanza inapata naitrojeni ya kutosha mahindi yanang'aa, mistari ya mwisho inapata udongo, halafu mtu anasema shamba lina mapepo. Ndo maana kiwanda makini kinanunua bentonaiti ya punje zilizochekechwa, ngumu, kavu, sio udongo uliopondwa pondwa na kuwekwa hivyo hivyo. Ukavu ni lazima, kwa sababu urea inavuta unyevu, ukichanganya na udongo wenye majimaji mfuko unageuka jiwe stoo.

Matumizi ninayoyapenda zaidi ni kwenye salfa. Kuna mbolea ya njano, umbo kama dengu iliyopasuliwa, 90% ni salfa na 10% ni bentonaiti. Mmea hauwezi kula salfa ghafi, lazima bakteria wa kwenye udongo waigeuze kuwa salfeti kwanza, na bakteria hawawezi kushughulika na kipande kikubwa, wanataka unga. Ila unga wa salfa ni hatari, unashika moto, hata kulipuka unaweza. Kwa hiyo salfa inayeyushwa, inafika kama nyuzi 120, inachanganywa na bentonaiti, inadondoshwa matone kwenye mkanda wa chuma unaopozwa, inaganda. Ukiifukia shambani mvua ikija bentonaiti inavimba na kulipasua lile tone kutoka ndani. Jaribu, weka vidonge viwili kwenye glasi ya maji uviangalie, vinaanza kumeguka mbele ya macho yako mpaka inabaki unga wa njano. Tone la salfa tupu lingekaa hapo hapo vile vile. Ila usiitegemee kwa haraka, inachukua wiki nyingi hadi miezi. Kama majani machanga tayari yameshaanza kuwa njano (naitrojeni ikipungua yanaanza yale ya chini, salfa yanaanza ya juu) weka SA (salfeti ya amonia), ile inafanya kazi mara moja.

Kuna wauzaji wanasema mbolea yenye bentonaiti inatunza maji na rutuba shambani. Ni kweli bentonaiti inashika potasiamu na amonia vizuri kuliko udongo mwekundu wa kawaida, lakini ekari moja kwa kina cha sentimita 20 ina udongo karibu tani 1000. Kilo 13 kwenye tani 1000 zitatunza maji gani? Usilipe hata shilingi ya ziada kwa maneno hayo.

Na ule mtihani wa chupa, una mipaka. Urea inatakiwa iyeyuke yote, maji yabaki karibu meupe na glasi uisikie imekuwa ya baridi mkononi, ukiona tope kwenye urea hapo kuwa na wasiwasi. CAN, mbolea nyingine ya naitrojeni, itaacha mabaki kwa sababu ndani yake kuna chokaa kwa kawaida yake. NPK za kuchanganya zinaweza kuacha udongo. Tope halikwambii kama namba zimetimia, hilo ni la maabara, na ukiwa na mashaka wapelekee taarifa TFRA, mamlaka ya kudhibiti mbolea Tanzania, hiyo ni kazi yao, na utunze risiti na mfuko wenyewe.

Turudi kwa yule mama. Nilipomuuliza ile ya kwenye chupa alichota wapi akasema alichota chini ya mfuko, uliokuwa umebaki robo. Nikamwomba arudi na nyingine ya mfuko mzima. Alivyourudisha tukaumwaga wote kwenye turubai pale uani na zile punje za kijivu zilikuwa ndogo kwa macho tu kuliko nyeupe, zimejaa upande uliotoka mwisho. Tukachukua koleo tukageuza kama watu wanaochanganya zege, mara tatu, tukapima, namba zilitimia, ndo tukarudisha kwenye mfuko. Akaniambia mifuko minne iliyobaki nyumbani ataifanya hivyo hivyo kabla ya kupanda.