Nyoka wa Kufugwa Alishwe Wapi: Kizimbani Mwake au Kwenye Boksi?

Kati ya maswali yanayofika kwenye kitengo chetu cha reptilia, hili halikauki: nyoka apewe mlo humo humo anamokaa, au siku ya kula ahamishiwe kwenye boksi la plastiki kisha arudishwe? Wengi wanaouliza ni ndugu zetu walioko Marekani na Ulaya, ambako nyoka wasio na sumu huuzwa madukani kama kasuku. Wanaopendwa zaidi ni wawili: nyoka wa mahindi, ambaye asili yake ni Marekani, na chatu wa kifalme, yule mdogo anayejiviringa akiogopa, ambaye kwao ni kuanzia Senegal hadi Uganda.

Jibu letu ni fupi: mwache ale kwake.

Wanaoshauri boksi husema kwamba nyoka akilishwa kizimbani ataona kila mkono unaoingia ni mlo, na atauma. Ni kweli kwamba nyoka hujifunza. Lakini hebu hesabu unafungua kizimba mara ngapi. Unabadilisha maji, unaondoa kinyesi, unaangalia kipimajoto. Mlo huja mara moja kwa wiki, na kwa nyoka mzima huweza kupita wiki mbili au zaidi. Kwa hiyo mara nyingi mlango unapofunguka, hakuna panya.

Kinachomwamsha kuwinda ni harufu na joto, si mlango. Ulimi wake huokota chembe za harufu hewani na kuzipeleka kwenye kiungo cha kunusia kilicho juu ya kinywa. Chatu wa kifalme ana zaidi ya hapo: vishimo kwenye midomo vinavyohisi joto la mnyama hata gizani. Sasa fikiria mkono uliotoka kushika panya na haukunawa. Kwa chatu, hicho ni kitu cha moto chenye harufu ya chakula, na hutaumwa kwa sababu ana hasira, utaumwa kwa sababu amekosea. Ndiyo maana boksi huleta hatari ile ile lililokusudiwa kuizuia. Nyoka amemeza, hamu ya kuwinda haijamtoka, boksi zima linanuka panya, na wewe unaingiza mkono kumwinua.

Kumwinua kwenyewe kuna tatizo jingine, nalo ndilo kubwa zaidi. Nyoka hana joto lake mwenyewe, na mmeng'enyo wake hutegemea joto analolipata nje ya mwili. Akimaliza kula hutafuta upande wenye joto wa kizimba, ambao kwa chatu wa kifalme unapaswa kuwa kama nyuzi 31 au 32 za Selsiasi, na hutulia hapo. Kazi inayofanyika ndani si ndogo. Watafiti walimpima chatu wa Burma wakakuta moyo wake umeongezeka uzito kwa takriban asilimia 40 ndani ya siku mbili baada ya kula. Mnyama aliye katika hali hiyo akibebwa na kutikiswa, anaweza kuutapika mlo wote. Kutapika kunamdhoofisha na kunaunguza koo lake kwa asidi, na akishatapika asilishwe tena kwa siku 10 hadi 14, kisha aanze na windo dogo. Hata aliyekula kizimbani usimshike kwa saa 48.

Hofu ya kuumwa ina dawa rahisi. Unapotaka kumtoa na si siku ya mlo, mguse kwanza taratibu kwa fimbo ya kumnyanyulia au bomba la karatasi, kisha ndipo uingize mkono. Baada ya muda ataelewa kwamba akiguswa hivyo hakuna chakula. Siku ya mlo usimguse kabisa. Mletee windo kwa kibanio kirefu.

Wengine huogopa nyoka atameza maranda aliyotandikiwa. Vipande viwili vitatu kwa kawaida hupita, lakini kama unataka kutulia, weka kigae mbele ya maficho yake na umpe windo hapo juu. Windo lisizidi unene wa sehemu pana ya mwili wake. Panya wa kugandishwa ni salama kuliko panya hai, maana panya hai aliyebanwa huuma na amewahi kuwatoboa nyoka wengi. Myeyushe kwenye friji, kisha mpashe kwenye maji ya moto kiasi, usitumie maikrowevu. Na vyombo vya kazi hiyo visirudi kabatini pamoja na sahani zenu: reptilia na panya hubeba salmonela, bakteria wanaoleta ugonjwa wa kuhara, na watoto wa chini ya miaka 5 huumia zaidi.

Kuna pahali boksi linafaa. Nyoka wawili wanaokaa pamoja lazima watenganishwe wakati wa kula, la sivyo watang'ang'ania windo moja na mmoja anaweza kummeza mwenzake, ingawa ushauri wetu ni kila nyoka awe na kizimba chake tangu mwanzo. Na kama wako amekula kwenye boksi kwa miaka bila shida, hatuoni haja ya kumbadilisha kwa nguvu. Laza boksi mlangoni mwa kizimba arudi mwenyewe.

Msomaji wa Kenya au Tanzania ajue kwamba haya hayampi ruhusa ya kumkamata chatu wa shambani. Sheria za wanyamapori za nchi zote mbili zinataka kibali.

Chatu wa kifalme akikataa kula, usikimbilie kubadilisha mahali pa kumlishia. Hawa hufunga hata miezi, hasa msimu wa kujamiiana au wakihamishwa nyumba. Angalia joto na maficho kwanza, mjaribu usiku, na umpime uzito kila wiki. Uzito ukishuka, mpeleke kwa daktari wa mifugo anayewajua reptilia.