Je, wajua kwa nini tundu linalozima lori la dizeli halidondoshi hata tone?

Ukipita barabara ya Tabora kwenda Kigoma, ukishaiacha Kaliua, hukosi kukuta lori kuukuu limeinuliwa kichwa, utingo yuko uvunguni na dereva anaionea huruma betri. Jana lilitoka Uvinza na chumvi bila tatizo. Leo asubuhi stata inapiga, injini haishiki. Mafuta yamo tankini. Wanapapasa mipira na paipu wakitafuta panapovuja, na kila wanapogusa ni pakavu.

Ukavu huo wenyewe ni dalili. Kwenye malori mengi tanki limekaa chini kuliko injini, kwa hiyo dizeli haishuki yenyewe, inavutwa. Kazi hiyo hufanywa na pampu ndogo iliyofungwa ubavuni mwa pampu kubwa ya nozeli (nozeli ndizo zinazopuliza mafuta ndani ya injini). Pampu hiyo ndogo hufyonza kama mtoto anavyofyonza soda kwa mrija. Mrija ukipasuka juu ya soda, soda haimwagiki. Mtoto atafyonza upepo. Ndivyo ilivyo kuanzia tankini hadi pampu ndogo: tundu hapo huingiza hewa, halitoi mafuta. Kuanzia pampu ndogo kwenda kwenye filta, pampu kubwa na nozeli, mafuta yanasukumwa, na hapo ndipo tundu hulowanisha. Usiku injini ikiwa imelala, hewa hupenya taratibu na dizeli hurudi tankini kwa uzito wake. Ndiyo maana ugonjwa huu hupenda asubuhi.

Lakini povu dogo la hewa linaizimaje injini yenye nguvu ya kubeba tani kumi? Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Hubana hewa kwenye silinda mpaka ipate joto la zaidi ya nyuzi 500, kisha nozeli hupuliza dizeli humo, ikalipuka yenyewe. Nozeli za malori ya zamani hazifunguki mpaka presha ifike kama psi 2,500 hadi 3,500. Tairi la lori, kwa kulinganisha, hujazwa psi 110 hivi. Na kiasi kinachopulizwa kila mara ni tone moja au mawili tu. Dizeli haibanyiki, ukiisukuma huku inatoka kule. Hewa hubanyika kama sponji. Pampu ikisukuma, povu linasinyaa. Pampu ikirudi, povu linajaa tena, na nozeli haijafunguka. Utapiga stata hadi betri ife, na kwenye bomba la moshi hutaona hata moshi mweupe.

Sasa tundu kavu utalionaje? Ligeuze liwe tundu linalovuja. Chomoa paipu inayotoka tankini, upande ule wa tanki, uichomeke kwenye dumu la dizeli safi, kisha lining'inize dumu juu kuliko injini. Mafuta sasa yanashuka kwa uzito wake, na penye ufa patatoa jasho. Mara nyingi utakuta ni mpira uliokauka kwa jua au klipu iliyolegea. Kama lori linakwenda vizuri kwa dumu na hakuna palipolowa, usiisumbue pampu. Shida imebaki tankini.

Na tankini kuna vituko. Kuna lori ambalo tanki likijaa linakwenda kama jipya, likifika nusu linazima. Watu husema tanki lina jini. Ni paipu ya kuvutia iliyo ndani ya tanki, imetoboka katikati: mafuta yakiwa juu ya tundu inavuta mafuta, yakishuka chini yake inavuta hewa. Kingine ni mfuniko. Ukipotea, watu hufunga nailoni kwa mpira wa baiskeli, tena wanakaza kweli. Mafuta yanatoka, hewa haiingii kuchukua nafasi yake, tanki linajibana mpaka pampu inashindwa kuvuta. Fungua nailoni usikie inavyopumua, na lori litawaka.

Linalokwenda vizuri tambarare na kuchoka likipanda milima ya Manyovu, tatizo lake ni filta iliyoziba. Badilisha.

Ukishaziba tundu, toa hewa. Legeza skrubu ya kwenye filta, piga pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe, kaza. Fanya hivyo kwenye pampu kubwa. Kisha legeza nati za paipu pale kwenye nozeli, mwenzako apige stata, na dizeli ikichuruzika kaza moja baada ya nyingine. Usikinge kidole mbele ya nozeli. Presha ile hupenyeza dizeli chini ya ngozi, na hilo ni jambo la hospitali siku hiyohiyo. Na ufundi huu wa kulegeza nati ni wa magari ya zamani tu, usiujaribu kwenye injini za kisasa za komoni reli, ambazo nozeli zote hulishwa na bomba moja lenye presha kubwa sana.

Angalia pia washa za shaba ulizofungua, zile pete bapa za kuziba maungio ya paipu. Shaba ikishabanwa huwa ngumu, haikai tena sawasawa, na hapo ndipo hewa hupata mlango mpya. Kama uko Nguruka na duka la spea liko Tabora mjini, ichome washa kwenye mkaa mpaka iwe nyekundu, iache ipoe, isugue. Italainika na kukaa.