Jasho si mafuta yanayoyeyuka

Alfajiri pale Coco Beach, Dar es Salaam, utawaona wakimbiaji wenzangu waliojifunga nailoni tumboni chini ya sweta zito, wakiamini kuwa jasho likichuruzika ndiyo mafuta yanatoka. Jamani, tuliache hili.

Jasho ni maji na chumvi. Kazi yake ni kuupoza mwili, na hupoza pale linapokauka kwenye ngozi. Nailoni inazuia hilo hilo. Ukipanda mzani baada ya mbio utakuta uzito umeshuka, ni kweli, lakini ukinywa maji ya kutosha unarudi. Mafuta yenyewe yakichomwa hugeuka kabonidayoksaidi na maji, na sehemu kubwa, kama asilimia 84, unaitoa kwa pumzi.

Mwishoni mwa 1997, wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walifariki kwa nyakati tofauti wakijitoa jasho kwa mavazi yasiyopitisha hewa ili wapunguze uzito. Walikuwa vijana wenye afya.

Kwa fukuto letu la Pwani, vaa fulana nyepesi, kimbia kwa mwendo unaokuruhusu kuongea, na ukihisi kizunguzungu au kichefuchefu, simama, tafuta kivuli, jimwagie maji.