Mtambo wa majitaka unahitaji baipasi, na baipasi yenyewe inahitaji mtu wa kuifungua

Kila tukianza kuchimba baipasi, yaani bomba la dharura la kupitisha maji pembeni ya mtambo wa majitaka, lazima mtu aulize, sasa hii si njia ya kupeleka vinyesi mtoni kimyakimya? Swali la haki kabisa. Ila jamani majitaka hayasubiri, umeme ukikata mtamboni huko majumbani watu wanaendelea kuoga, kufua na kuflashi, na maji yakikosa njia yanajitafutia yenyewe, na mara nyingi ni kwenye vyumba vya pampu au yanarudi kwenye chemba za mtaani.

Seattle kule Marekani yaliwakuta. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Februari 2017 mvua inapiga kwelikweli, mtambo wa West Point umezidiwa na maji, mara hitilafu ya umeme, pampu za kusukuma maji kwenda baharini zikazima. Ndani ya matanki kulikuwa na maboya, kazi yake ni ileile ya boya la tenki la choo, maji yakipanda kupita kiasi mfumo uzuie mengine yasiingie. Maboya yakagoma. Maji yakafurika mpaka korido za chini, mota na paneli za umeme zikazama, ndo geti la dharura la baipasi likafunguliwa na majitaka ghafi yakaenda baharini Puget Sound. Mtambo haukukaa sawa mpaka mwezi Mei, maana mota unanunua lakini bakteria wanaokula uchafu inabidi uwalee upya taratibu.

Sasa oneni, geti lilikuwepo! Bomba peke yake halitoshi. Mimi mchoro wa baipasi ukiletwa mezani nauliza kwanza geti linafunguka vipi umeme ukiwa haupo, na fundi wa zamu wa usiku anaruhusiwa kulifungua mwenyewe au mpaka ampigie bosi aliyelala. Liwe na usukani wa mkono, maji yashuke kwa mteremko kama eneo linaruhusu, na king'ora kisitegemee boya moja. Pia lizungushwe mara kwa mara hata kama hakuna shida, geti likikaa miaka bila kuguswa linashika kutu na siku ya siku halisogei.

Pale pasipo na mteremko tunaweka pampu za dizeli, na lazima iwepo ya akiba, maana nepi na pedi zinaziba pampu hizo vibaya mno. Kabla ya kuziamini tunazijaribu kwa maji safi, zinanguruma masaa kadhaa huku mtu anatembea na tochi kukagua kila jointi.

Kwa mabwawa ya kusafishia majitaka kama ya Vingunguti, Dar es Salaam, au Ruai, Nairobi, ni rahisi kidogo, ukitaka kutoa tope unafunga bwawa moja unapitisha maji kwenye la jirani, ilimradi mjenzi aliacha hiyo njia tangu mwanzo.

Na baipasi ikifunguliwa, maji yapite kwanza kwenye chekeche, mita ihesabu yaliyotoka, sampuli zichukuliwe, na wavuvi na wanaochota maji huko chini watangaziwe siku hiyohiyo. Msipoona tangazo, njooni ofisini mdai hizo namba za mita.