Anasikia sauti: tunaamuaje ni ugonjwa gani?

Swali ambalo matabibu wa vituo vya afya huniuliza kila mara ni hili: "Mgonjwa anasikia sauti, niandike skizofrenia?" Yaani ule ugonjwa mzito wa akili unaovuruga fikra na hisi za mtu. Jibu langu ni moja: bado. Kusikia sauti ni dalili, kama homa ilivyo dalili. Homa inaweza kuwa malaria, nimonia au jipu, na sauti nazo zinaweza kutoka nyumba nyingi. Uainishaji unatusaidia kujua tupige hodi nyumba ipi kwanza, maana kuna nyumba inayoungua sasa hivi na kuna inayoweza kusubiri hadi Jumatatu.

Miongozo miwili ndiyo inayotawala kazi hii. Wa kwanza ni ICD-11 wa Shirika la Afya Duniani, uliopitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Matatizo ya akili yako sura ya 6. Wa pili ni DSM wa chama cha madaktari wa akili wa Marekani, ulioanza 1952 na ambao toleo lake la sasa, DSM-5-TR, lilitoka 2022. Tatizo huja pale mtu anapochukua muda kutoka mwongozo mmoja na dalili kutoka mwingine. Chagua mmoja. Katika makala haya nafuata ICD-11, na pale DSM inapotofautiana nitasema.

Muda na hesabu ya dalili havikuwekwa kwa ajili ya urembo. Miaka ya 1960 na mwanzoni mwa ile ya 1970 watafiti walilinganisha madaktari wa New York na wa London. Ilionekana kwamba wa New York waliita "skizofrenia" wagonjwa wengi ambao wenzao wa London wangesema wana ugonjwa wa hisia, hata walipooneshwa mahojiano yaleyale kwenye video. Mgonjwa angevuka bahari akabadilishiwa ugonjwa. Ndiyo maana DSM-III ya mwaka 1980 ikaja na vigezo vilivyoandikwa wazi: dalili ngapi, kwa muda gani, na nini kiondolewe kwanza.

Ni sauti kweli?

Hapa Kiswahili chetu kinatutega. Mtu akikuambia "moyo unaniambia nisiende" au "nafsi inanisuta", hajasikia kitu. Anawaza kama tunavyowaza sote. Sauti tunayoitafuta husikika kama ya mtu mwingine, na hainyamazi kwa kuwa yeye anataka inyamaze. Mimi huuliza hivi: "Hutokea ukasikia mtu anaongea, ukageuka, usimwone mtu?" Akikubali, naendelea. Ni ya mwanamume au mwanamke? Iko ndani ya kichwa au inatoka nje? Inakuongelesha wewe, au ni watu wanakusengenya? Ni mchana, au ni pale usingizi unapokuchukua? Inakuamuru kufanya nini?

Swali hilo la mwisho halirukwi hata kama foleni imefika getini. Sauti inayomwamuru mtu ajidhuru au amdhuru mwingine inabadilisha mpango wote: haachwi peke yake, na dawa za panya, dawa za shambani na vidonge vilivyobaki nyumbani vinaondolewa siku hiyohiyo.

Majibu mengine yanafunga mjadala mapema. Sauti inayokuja tu wakati mtu anasinzia au anazinduka usingizini ni jambo la kawaida. Mjane anayemsikia marehemu akimwita jioni, wiki chache baada ya msiba, yuko katika msiba, basi.

Imani nazo zina mtego wake. "Nimerogwa" peke yake haiitwi dhana potofu (imani ya uongo isiyotikisika, ambayo hata jamii yake haishiriki), maana kijiji kizima kinaweza kuamini vivyo hivyo. Ninachoangalia ni namna alivyofikia hapo. Anayesema jirani amemroga kwa sababu waligombania mpaka wa shamba anatumia maelezo ya jamii yake. Anayesema amerogwa kwa sababu mtangazaji wa redio alikohoa mara 3 akiwa anamlenga yeye, hilo ni jambo jingine. Uliza ndugu zake. Mara nyingi mama mzazi, anayeamini uchawi kabisa, ndiye wa kwanza kusema, "Hapana daktari, hili la huyu limepita."

Kwanza mwili, na haraka

Kosa linaloua ni kumpeleka wodi ya akili mtu anayeweweseka kwa ugonjwa wa mwili. Kuweweseka huanza ndani ya saa au siku chache. Hupanda na kushuka: asubuhi anakutambua, usiku anadhani wewe ni askari aliyekuja kumkamata. Maruweruwe yake (kuona au kusikia kisichokuwepo) mara nyingi ni ya kuona, kama wadudu ukutani au watu mlangoni. Kinachotofautisha zaidi ni umakini. Mwambie ataje siku za wiki kurudi nyuma, Ijumaa hadi Jumamosi. Napendelea siku kuliko miezi, kwani wengi wetu tunaita miezi kwa namba na kipimo kinageuka kuwa hesabu. Mwenye skizofrenia, hata akiwa na sauti kali, kwa kawaida atafika mwisho. Anayeweweseka atapotea njiani na kuanza kuzungumzia jambo lingine.

Hapo hapo pima joto, mapigo ya moyo, presha, sukari na kipimo cha haraka cha malaria. Angalia shingo kama imekakamaa, kisha VVU na kaswende. Sukari chini ya 3.9 mmol/L ni ndogo, na hutibiwa kabla hujaendelea na maswali. Kama ni mnywaji sugu au ana utapiamlo, mpe na thiamini (vitamini B1), usimpe glukosi pekee.

Kwa mnywaji, uliza alikunywa lini mara ya mwisho. Degedege la kuacha pombe huja kati ya saa 6 na 48. Kuweweseka kwa kutetemeka, jasho na maruweruwe huja siku ya 2 hadi ya 4. Hesabu hiyo inaeleza kisa kinachojirudia: mtu amelazwa kwa mguu uliovunjika, siku ya 3 "akawa kichaa" wodini. Anachohitaji ni diazepamu na thiamini. Haloperidoli, dawa inayotuliza sauti na dhana potofu, ikitolewa peke yake inaweza kumsogeza karibu zaidi na degedege.

Angalia pia dawa anazotumia. Prednisoloni ya dozi kubwa, isoniazidi ya kifua kikuu, meflokwini ya malaria na efavirenzi ya VVU zote zinajulikana kuvuruga akili za baadhi ya watu. Kadi ya kliniki mfukoni mwa mgonjwa wakati mwingine inasema mengi kuliko mgonjwa mwenyewe.

Kifafa nacho kinahitaji neno. Katika ICD-11 kiko sura ya 8, ya mfumo wa fahamu. Hakimo kabisa katika sura ya matatizo ya akili, ingawa kwetu wagonjwa wake huhudumiwa kliniki ileile. Lakini mtu aliyeanguka mara kadhaa mfululizo anaweza kuzinduka, akakaa vizuri siku moja au zaidi, kisha akaanza kusikia sauti na kuogopa watu. Usipouliza habari za kuanguka wiki hiyo, hutapata chanzo.

Bangi isibebeshwe kila kitu

Familia nyingi zinafika na jibu tayari: "Ni bangi tu." Huenda ni kweli. Dalili zinazoletwa na kilevi huanza wakati wa kutumia, au muda mfupi baada ya kutumia au kuacha, kisha hupungua. Zikiendelea kwa nguvu ileile mwezi mmoja au zaidi baada ya kuacha, shuku kwamba kuna ugonjwa wenyewe chini yake. Uliza kipi kilitangulia. Wapo vijana walioanza kujitenga na kushuka shuleni mwaka mzima kabla ya kuvuta msokoto wa kwanza, na wengine huvuta ili sauti zipungue. Vilevile mirungi: inachukua usingizi, na usiku kadhaa bila usingizi unatosha kuuamsha ugonjwa kwa mtu mwenye baipola, ugonjwa wa hisia unaopanda hadi uchangamfu uliopitiliza (mania) na mara nyingi kushuka hadi huzuni nzito (sonona).

Hisia ziko wapi?

Ukishaondoa mwili na vilevi, usikimbilie skizofrenia. Uliza hisia. Kipindi cha mania ni hali ya kuchangamka au kukasirika kupita kiasi pamoja na nguvu nyingi, karibu siku nzima, kwa wiki 1 au zaidi. Swali bora kuliko yote ni la usingizi. Mwenye sonona au wasiwasi analala kwa saa 3 tu na kuamka amechoka. Mwenye mania analala kwa saa 3 tu na kuamka anataka kupaka rangi nyumba. Sauti zake hufanana na hali yake: zinamsifu, zinampa utume. Anaongea bila nukta, ananunua, anagawa mali, anafunga safari usiku. Kipindi kimoja tu cha mania kinatosha kuitwa baipola aina ya 1, hata kama hajawahi kuwa na sonona.

Upande wa pili ni sonona iliyofika mbali. ICD-11 inataka dalili 5 kati ya 10 kwa wiki 2, na lazima iwemo huzuni au kupoteza hamu ya mambo. DSM ina orodha ya 9. ICD imeongeza kukata tamaa. Sauti hapa humhukumu: wewe ni mwenye dhambi, umeiangamiza familia, utumbo wako umeoza. Kabla hujaandika dawa ya sonona, muulize yeye na ndugu yake kama kuna wakati aliwahi kuwa kinyume kabisa. Dawa hizo zikitolewa peke yake kwa mwenye baipola zinaweza kumrusha kwenye mania, na wiki chache baadaye utaambiwa dawa yako ndiyo "imemharibu".

Mama aliyejifungua ana njia yake ya haraka. Sauti au dhana potofu katika wiki 2 za kwanza baada ya kujifungua ni dharura ya siku hiyo, kwa ajili yake na ya mtoto, na mara nyingi undugu wake ni na baipola. Msisubiri arobaini iishe.

Sasa kalenda

Waliobaki tunawapanga kwa muda. Kama hali ilianza ghafla, ikafika kileleni ndani ya wiki 2, na dalili zinabadilika siku hadi siku (jana sauti, leo hofu, kesho kicheko), hiyo ni saikosisi (kupoteza mguso na uhalisia) ya ghafla na ya mpito, msimbo 6A23, na haizidi miezi 3. Wengi hurudi walivyokuwa. Aliyebandikwa skizofrenia siku ya 5 atarudi kazini mwezi wa 2 akiwa na jina ambalo ofisi nzima imeshalisikia.

Skizofrenia, msimbo 6A20, inahitaji angalau dalili 2 kwa mwezi 1 au zaidi, na moja lazima iwe kati ya nne kuu: dhana potofu, maruweruwe, mvurugiko wa fikra, au kuhisi kwamba mawazo na viungo vyako vinaendeshwa na nguvu ya nje. DSM inataka dalili za ugonjwa ziwe zimeonekana kwa miezi 6. Kwa hiyo mtu wa mwezi wa 3 anaweza kuwa na skizofrenia Geneva na asiwe nayo Washington. Ni mipaka tu ya makubaliano. Miongozo yote miwili imefuta aina za zamani, kama "paranoidi" na "katatoniki", na anayeziandika bado kwenye faili anaandika historia.

Dalili zinazosahaulika ni zile tulivu: uso usioonesha hisia, maneno machache, kukosa msukumo, kutooga. Nyumbani huitwa uvivu au jeuri. Lakini tahadhari, haloperidoli nayo humfanya mtu awe mzito na uso uwe kama kinyago, kwa hiyo linganisha na alivyokuwa kabla ya sindano ya kwanza. Dawa hiyohiyo, ndani ya saa au siku chache, inaweza kupinda shingo na kugeuza macho juu. Nyumbani watasema jini limepanda. Ni misuli, na inalegezwa kwa benzeksoli au prometazini.

Na pepo?

ICD-11 ina msimbo wake, 6B63, kwa hali ambapo nafsi ya mtu huonekana kutwaliwa na nguvu nyingine. Ina sharti ambalo wengi hawalisomi: hali ije bila hiari, imtese mtu au imvurugie maisha, na isiwe sehemu inayokubalika ya mila au dini yake. Mama anayepandwa na pepo ngomani, akazungumza kwa sauti ya mwingine, kisha akarudi nyumbani kupika, hana ugonjwa wa kuandikwa. Binti anayeanguka darasani kila wiki, asiyekumbuka kitu, na anayeogopa kurudi shule, huyo anahitaji kusikilizwa: nini kinampata shuleni, au nyumbani?

Siku ya kwanza, basi, andika ulichosikia kwa maneno yake: "Sauti ya mwanamume, nje ya kichwa, mchana, inamtukana, haimwamuru, tangu wiki 3, analala kwa saa 6, siku za wiki kurudi nyuma ametaja zote, malaria hakuna, bangi aliacha miezi 2 iliyopita." Kwenye nafasi ya msimbo weka 6A2Z, saikosisi isiyobainishwa bado. Ni msimbo halali kabisa na hauzuii matibabu kuanza. Panga kumwona baada ya wiki 2, mwezi 1 na miezi 3, na andika tarehe hizo kwenye kadi, ili daktari atakayemwona siku hiyo, hata asipokuwa wewe, ajue kwamba jina bado linasubiriwa.