Chupa ya chai machinjioni

Chupa yangu ya chai haijawahi kutiwa chai. Naipasha kwa maji ya moto alfajiri, naenda nayo machinjioni hapa Dodoma, na mchinjaji akishalipasua lile tumbo la kwanza la ng'ombe nachota majani yanayofuka mvuke, nayakamua kwenye kitambaa, maji yake ya kijani nayafungia humo chap chap. "Dokta, leo tena umefuata mavi?" Wameshanizoea.

Haraka yangu ina sababu: nachunguza wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, wanaoishi tumboni mwa ng'ombe. Bakteria wengi wa tumboni humo wakikutana na hewa wanakufa, na protozoa, viumbe wa chembe moja, wakipoa wanasimama. Mwaka wangu wa kwanza nilibeba sampuli kwenye chupa ya maji ya plastiki. Kufika maabara, naangalia kwenye hadubini, hakuna anayetikisika. Ikitunzwa kwenye joto lake la nyuzi 39 hivi, tone moja ni stendi ya mabasi: protozoa wenye vinyweleo wanapishana, wengine wamebeba vipande vya majani tumboni. Bakteria ni wadogo zaidi, na kwenye mililita moja wanafika bilioni 10 na kuzidi.

Wafugaji huniuliza: kiangazi mbuzi ananawiri kwa migunga, ng'ombe anakonda, je, wadudu wa tumboni mwao ni tofauti? Zamani ningejibu ndiyo bila kufikiri. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya sampuli 742 kutoka nchi 35, za wanyama wa spishi 32, na karibu kote walikutwa bakteria wenyeji walewale: Prevotella, Butyrivibrio, Ruminococcus na jamaa zao. Kinachopandisha hawa na kushusha wale ni chakula kwanza, aina ya mnyama inafuata. Ng'ombe wa Kongwa anayetafuna mabua ya mtama na mbuzi anayechuma majani yenye tanini, ile kemikali ya ukakasi, lazima wadudu wao watofautiane. Walishe kitu kimoja, watakaribiana, ingawa hawatalingana.

Kisa ninachokipenda ni cha lusina, mti wa malisho. Kule Australia mifugo iliyoila kwa wingi ilinyonyoka manyoya na kuvimba tezi la shingo, kwa sababu ya sumu ya mimosini. Hawaii mbuzi waliila wakawa wazima kabisa. Mtafiti wa Australia, Raymond Jones, akashuku tumbo, si mbuzi. Maji ya tumbo la mbuzi wa Hawaii yakapelekwa Australia, wakanyweshwa wenzao, sumu ikawa haiwasumbui tena. Bakteria aliyekuwa akiivunja akaitwa Synergistes jonesii mwaka 1992. Mbuzi kwa mbuzi, na bado matumbo hayakuwa sawa!

Nilipomsimulia mzee mmoja wa Mpwapwa, akadakia: "Basi nimnyweshe ng'ombe maji ya tumbo la mbuzi, naye ale migunga."

"Mzee, na ule mdomo mpana atachumaje jani katikati ya miba?"

Akacheka sana. Tena wageni wa tumboni wasipopata chakula chao hawakai. Ila ng'ombe aliyevamia ghala la mtama usiku, tumbo likachachuka na wenyeji wake wengi wakafa, huyo akishatibiwa ile asidi hunyweshwa maji ya tumbo la ng'ombe mwenzake mzima, lita kadhaa, yakiwa bado na joto. Kwa kazi hiyo chupa yangu ni ndogo. Nabeba ndoo yenye mfuniko.