Kabla ya kuniambia OpenSSH yetu ni ya kale, soma namba yote

Mwaka 2024 nililetewa tena, mara ya ngapi sijui, ripoti ya skana, programu inayokagua usalama wa seva, iliyojaa wekundu: seva ya Debian 12 (mfumo wa Linux) ina OpenSSH 9.2p1 (programu ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali), toleo salama ni 9.8p1, rekebisheni leo. Mwenye ripoti alikuwa ameshakompaili OpenSSH yake toka msimbo asilia, yaani ameijenga mwenyewe badala ya kutumia ya Debian. Ndugu yangu, ungeuliza kwanza.

Natunza vifurushi vya Debian, yaani programu zilizotayarishwa kusakinishwa, na hakuna kinachonikera kama hii imani kwamba namba ndogo ya toleo maana yake kuna tundu la usalama. 9.2p1 ni kipande tu. Namba kamili wakati huo ilikuwa 1:9.2p1-2+deb12u3. Hiyo 1: ya mwanzo ni epoki, alama ya Debian ya kupanga matoleo, achana nayo. Habari iko mkiani: deb12u3, yaani sahihisho la tatu ndani ya Debian 12. Tundu la OpenSSH liitwalo regreSSHion lilipotangazwa tarehe 1 Julai 2024, OpenSSH wenyewe walitoa 9.8p1, siku hiyohiyo Debian ikatoa u3. Nguo ni ileile, tumetia kiraka palipotoboka. Seva hata haifichi, ukiibishia hodi inajitaja: OpenSSH_9.2p1 Debian-2+deb12u3. Skana inasoma nusu, inapiga kelele.

Mbona tusichukue 9.8 tu? Kwa sababu toleo jipya haliji na dawa peke yake. Hiyo 9.8 ilikuja imezima funguo za DSA, aina ya zamani ya funguo za kuingilia. Ni uamuzi mzuri, lakini si wa kumshtukiza mtu usiku kwenye seva inayofanya kazi. Na upya nao una yake: Machi 2024 mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya wadukuzi, ulikutwa katika xz (programu ya kubana mafaili) matoleo 5.6.0 na 5.6.1, huku Debian 12 ikiwa bado na 5.4.1.

Ile ilikuwa bahati pia, sijidai. Na viraka vyetu vimewahi kuua: mwaka 2006 Debian iliondoa mistari michache ya OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, na hadi Mei 2008 ubahatishaji wa funguo ulitegemea tu namba ya mchakato, ile ambayo mfumo huipa kila programu inayoendeshwa, na namba hizo hazizidi 32,768. Mpaka leo nikirekebisha msimbo nisioujua vizuri mkono unasita, na mara nyingine nakituma kiraka nikiwa bado nasita.

Yule bwana wa ripoti nilimpa amri moja ya apt, chombo cha Debian cha kusakinisha na kusasisha vifurushi, inayoonyesha masahihisho yaliyofanywa: apt changelog openssh-server. Akasoma, kimya. Baadaye akauliza kama ile aliyoikompaili mwenyewe apt itaisasisha.

Haitaisasisha.